Malipo kwa Watunza Mazingira: Nani Atamlipa Mkulima wa Kisii na Nyamira?

Ukiona vyaelea, walinena wahenga, jua vimeundwa. Maji yanayotoka mferejini katika mji wa Kisii hayakujileta. Mto Gucha, ambao majirani zetu wa Migori huuita Kuja, huanzia katika milima ya Kiabonyoru huko Nyamira, ukateremka kati ya mashamba ya majani chai, migomba na mahindi hadi Kegati, ambako maji yake huvutwa na kusafishwa kwa matumizi ya mji. Kutoka hapo huendelea na safari yake, ukapita katika maporomoko ya Gogo ambako kituo kidogo cha umeme kilijengwa miaka ya 1950, ukaungana na mto Migori, na hatimaye ukamwaga maji yake katika Ziwa Victoria kupitia Nyatike. Katika safari hiyo yote kuna watu wanaolipa na watu wanaolipwa. Mwenye nyumba hulipia maji na mwenye duka hulipia umeme. Kampuni hulipwa, na mfanyakazi wa kampuni hupokea mshahara wake kila mwisho wa mwezi. Aliyesahauliwa katika hesabu hii ni yule mkulima ambaye chemchemi imo ndani ya shamba lake. Huyu hukumbukwa siku moja tu, siku anapoambiwa ang'oe miti yake.

Nia ya makala haya ni kudai kwamba mkulima huyo alipwe. Hata hivyo, kudai malipo ni rahisi. Ugumu umo katika namna ya kulipa, na ndipo mipango mingi mizuri ya mazingira ilipokwamia.

Wataalamu huliita jambo hili malipo kwa huduma za mifumo ikolojia. Jina ni refu, lakini maana yake haina utata. Ardhi iliyotunzwa vyema huchuja maji, huzuia udongo usisombwe na mvua, hupunguza ukali wa mafuriko na huhifadhi hewa ya ukaa. Anayenufaika na huduma hizo akiwa mbali humlipa anayeitunza ardhi, ili utunzaji uwe na tija kuliko uharibifu. Costa Rica iliuweka mpango wa aina hii katika sheria yake ya misitu ya mwaka 1996, na tangu wakati huo wenye misitu wamekuwa wakilipwa, sehemu kubwa ya fedha ikitokana na kodi ya mafuta ya magari. Kisii si Costa Rica. Hilo nalikubali mapema, maana hoja yangu yote imejengwa juu ya tofauti hiyo.

Katika sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na Nyamira 605,576. Kwa Kisii, hao ni zaidi ya watu 950 katika kila kilomita mraba, nao wengi wao ni wakulima. Aidha, umbo la mashamba yetu si la mraba kama lile la vitabu vya hesabu. Tangu ardhi ilipopimwa na kusajiliwa, na baadaye kugawanywa baina ya wana na wajukuu, mashamba mengi ya Gusii yamekuwa vipande vyembamba vinavyoanzia kileleni, penye barabara na nyumba, vikateremka hadi bondeni penye kijito. Kila mrithi alitaka apate barabara na apate maji. Ilikuwa busara kubwa, lakini matokeo yake ni kwamba kijito kimoja kifupi kina wamiliki kadha wa kadha.

Sasa tuitazame sheria. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zinakataza shughuli za maendeleo katika ukanda ulio kando ya mto, kwa upana usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30. Tuchukue shamba la nusu ekari, takriban mita mraba 2,000, lenye upana wa mita 20 na urefu wa mita 100. Ukiondoa mita 6 kando ya kijito, mwenye shamba amepoteza mita mraba 120, naye anaweza kuvumilia. Ukiondoa mita 30, amepoteza mita mraba 600, karibu theluthi ya urithi wake wote. Tena theluthi hiyo ndiyo yenye rutuba na unyevu, ile inayomea mboga wakati wa kiangazi. Mwenye ekari mia mbili kule Laikipia hataiona tofauti. Huyu wa Nyamira atalala njaa. Wote wawili wanatawaliwa na kanuni moja, nasi tunaiita hali hiyo usawa mbele ya sheria!

Ni katika mabonde hayohayo ndipo mikaratusi ilipotamalaki. Msomaji asiyetoka kwetu huenda akadhani kwamba watu wa Gusii waliipanda kwa ujinga. La hasha. Mkaratusi hukua haraka, hauhitaji palizi baada ya kushika, na ukikatwa huchipuka tena. Viwanda vya majani chai vinahitaji kuni za kuchemshia mitambo yake. Wajenzi wanahitaji fito na mbao, na mzazi anahitaji karo. Kwa mtu asiye na mshahara wala akaunti ya akiba, shamba dogo la mikaratusi ndilo benki yake: huenda akatoa fedha siku mtoto anapoitwa kujiunga na shule ya upili. Kwamba mti huo hunywa maji mengi si siri kwa yeyote aliyeona chemchemi ikipungua mwaka baada ya mwaka. Wakulima wanajua, na wanajua pia kwamba chemchemi hailipi karo.

Mwaka wa 2009, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyokuwa karibu na vyanzo vya maji na katika ardhi oevu iondolewe. Kwa upande wa sayansi, amri ile ilikuwa na msingi. Kwa upande wa haki, ilikuwa na pengo kubwa. Mkulima aliambiwa aifunge benki yake kwa manufaa ya taifa, na taifa halikusema litamfungulia benki gani nyingine. Wapo walioitii amri ile wakapanda mianzi au nyasi za mifugo. Wapo waliokata miti ya mbele ili afisa apite, wakaacha visiki vichipuke. Siwezi kuwalaumu hawa wa pili kwa moyo mweupe. Amri isiyo na ujira hudumu kwa muda ule tu anaodumu mwenye kuitoa.

Kuna hoja inayotolewa mara kwa mara dhidi ya malipo haya, nayo ina uzito: kwa nini mtu alipwe kwa kutii sheria? Hatumlipi dereva kwa kutoendesha gari kwa kasi, na hatumlipi mwenye kiwanda asimwage sumu mtoni. Ukianza kumlipa anayetii, utamwambia nini anayetii bila kulipwa? Jibu langu ni kwamba dereva hapotezi chochote anapopunguza mwendo, ila dakika chache. Mkulima wetu anapoteza theluthi ya shamba, na anayefaidi si yeye. Hapo hatuzungumzii tena utiifu wa kawaida. Tunazungumzia kutwaa sehemu ya mali ya maskini kwa ajili ya walio na uwezo zaidi yake. Isitoshe, wazo la kumfidia mwenye shamba si geni katika sheria zetu. Sheria ya usimamizi na uratibu wa mazingira ya mwaka 1999 inairuhusu mahakama kuweka masharti ya hifadhi juu ya ardhi ya mtu, na sheria hiyohiyo inampa mwenye ardhi haki ya kudai fidia kwa hasara anayoipata. Kifungu hicho kimekuwepo zaidi ya robo karne. Nani katika wakulima wa Gucha aliyewahi kusomewa?

Hapa Kenya tumekwisha kujaribu njia kadhaa za kulipa. Katika bonde la Naivasha, mashirika ya WWF na CARE yaliwakutanisha wakulima wadogo wa nyanda za juu za mto Malewa na watumiaji wa maji walio kando ya ziwa, wakiwemo wakulima wa maua. Wa juu walipanda miti na nyasi za kuzuia mmomonyoko, wa chini wakalipa. Mwaka wa 2010 malipo ya kwanza yalitolewa kwa hati za kununulia pembejeo, kila mkulima akipata takriban dola 17 za Marekani kwa mwaka, yaani kama shilingi 1,300 za wakati ule. Mgala muue na haki yake umpe: mpango ule ulithibitisha kwamba aliye chini anaweza kukubali kwamba ana deni kwa aliye juu. Lakini shilingi 1,300 kwa mwaka hazimshawishi mtu wa Nyamira kung'oa mikaratusi. Kiasi hicho ni ahsante. Ujira ni kitu kingine.

Hazina ya maji ya Tana ya Juu, iliyozinduliwa mwaka wa 2015 kwa uongozi wa The Nature Conservancy, ilichukua mkondo tofauti. Kampuni ya maji ya Nairobi na ile ya kuzalisha umeme, KenGen, zilikuwa miongoni mwa washirika wake. Utafiti uliotangulia uzinduzi ulikadiria kwamba dola milioni 10 zikitumika kutunza mashamba ya juu, faida itakuwa dola milioni 21.5 katika muda wa miaka 30, kwa sababu matope yatapungua mabwawani na kwenye mitambo ya kusafisha maji. Huko mkulima hapewi fedha mkononi. Hupewa miche, matuta na visima vya kuvunia maji ya mvua, na shamba lake likinawiri, hayo ndiyo malipo yake. Napenda njia hii kuliko ile ya hati, ingawa nina shaka iwapo mtu mwenye robo ekari ana pa kuchimba kisima hicho.

Mfano wa tatu unatoka pwani. Huko Gazi, Kaunti ya Kwale, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, nao wamekuwa wakiuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa tangu mwaka wa 2013. Fedha hazigawanywi nyumba kwa nyumba. Hutiwa katika mfuko wa jamii, na kutoka humo hutoka maji ya vijiji na vitabu vya shule. Ni mradi wa kupendeza, nao umepata sifa duniani. Tatizo ni kwamba mikoko ni mali ya umma, ilhali bonde la Gusii ni mali ya fulani bin fulani. Ukimwambia mwenye kipande kwamba theluthi ya shamba lake itatumika kununua vitabu vya shule ya kijiji jirani, atakusikiliza kwa adabu kisha atakusindikiza hadi langoni.

Tofauti hiyo inaonekana pia katika sheria mpya ya hewa ya ukaa. Marekebisho ya sheria ya mabadiliko ya tabianchi yaliyopitishwa mwaka wa 2023 yanaagiza kwamba miradi ya ardhi itoe kwa jamii mchango wa kila mwaka usiopungua asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Ni hatua ya kupongezwa, hasa tukikumbuka kwamba mwezi wa Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Isiolo iliamua kuwa hifadhi mbili za kaskazini zilianzishwa bila kuwashirikisha wananchi ipasavyo. Lakini makubaliano ya maendeleo ya jamii yanayotajwa katika sheria hiyo yanahusu ardhi ya umma na ardhi ya jamii. Kisii na Nyamira, ambako karibu kila kipande kina mwenyewe, watajadiliana na wanunuzi mmoja mmoja, kila mtu na nusu ekari yake. Na hewa ya ukaa ya nusu ekari ni kidogo mno kiasi kwamba gharama ya kuipima inaweza kuila thamani yake. Kwa hivyo, kwa maoni yangu, wanaowaahidi wakulima wa Gusii utajiri wa kaboni wanawahadaa. Kwetu sisi bidhaa ni maji, na mnunuzi yuko hapa hapa, mteremko mmoja chini.

Tukikubaliana kwamba mkulima alipwe, swali linalofuata ni mkulima yupi. Hati miliki nyingi bado zina majina ya mababu waliokwisha kuaga dunia, na urithi haujafikishwa mahakamani kwa sababu ya gharama au ugomvi. Anayelima, anayechota maji na anayeweza kuamua iwapo kando ya kijito patapandwa nyasi au arimu ni mwanamke ambaye jina lake halimo katika hati yoyote. Mpango ukidai hati miliki, malipo yatamfuata mwenye jina, au mwana anayeishi Nairobi ambaye hajashika jembe kwa miaka 10. Yatamkosa mama aliyeacha kulima ukingoni. Litakuwa kosa la haki, na litakuwa pia kosa la kiutendaji, kwa kuwa asiyelipwa ndiye mwenye jembe. Heri tuwe na orodha inayotayarishwa mbele ya majirani, wakishuhudia nani hasa anatumia kipande gani, kuliko kungoja msajili wa ardhi.

Naomba sasa nigusie jambo linalotuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili, ambalo wataalamu wa mazingira huliona dogo. Tutayaitaje malipo haya? Tukisema fidia, tumekiri kwamba kuna aliyedhuriwa, na mkulima atauliza adhurike hadi lini. Tukisema ruzuku, tumemfanya mkulima kuwa mhitaji anayeinuliwa na serikali. Tukisema zawadi au ahsante, tumempa mtoaji uhuru wa kuacha kutoa wakati wowote bila kuulizwa. Neno ujira ndilo lililo sawa, kwa kuwa lina kazi ndani yake, lina mapatano, na asiyelipa ujira amedhulumu. Hata neno huduma lina kasoro hapa. Tunaposema huduma za mifumo ikolojia, mtoaji wa huduma ni mti na kinamasi, na mtu aliyeutunza mti ametoweka katika sarufi ya sentensi. Wenye lugha wanajua kwamba anayefutwa katika sentensi huwa rahisi kufutwa katika bajeti.

Ukosefu wa istilahi unaendana na ukosefu wa mikataba inayosomeka. Mikataba ya miradi ya namna hii kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Mkulima huonyeshwa mahali pa kutia sahihi au kidole gumba. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na kuitaka serikali kuziendeleza lugha za kiasili. Mkataba wa miaka 10 juu ya ardhi ya mtu usiopatikana kwa Kiswahili, na usioelezwa kwa Ekegusii pale inapohitajika, haufai kuitwa makubaliano.

Wapo wazee watakaoguna wakisikia habari ya ujira kwa ajili ya chemchemi. Katika mila za Abagusii, chemchemi, ensoko, haikuwa ya mtu mmoja hata kama ilikuwa katika shamba la mtu mmoja. Majirani walikutana kuisafisha, kama walivyokutana kulimiana katika risaga, na aliyekosa kufika bila sababu alijulikana. Je, fedha hazitaiua desturi hiyo? Leo nikilipwa kusafisha, kesho nisipolipwa nitasafisha? Hofu hii si ya kupuuzwa. Nimeitafakari na naona njia ni kutenganisha mambo mawili. Kazi ya kusafisha chemchemi ibaki risaga, isitiwe bei. Kinacholipiwa kiwe ardhi iliyoachwa bila kulimwa na miti ya biashara iliyong'olewa, kwa kuwa hasara hizo haziwahusu majirani wote kwa usawa. Anayezipata ni yule wa chini kabisa, penye maji. Majirani wa juu kileleni walisafisha chemchemi pamoja naye, lakini hawakupoteza hata hatua moja ya shamba.

Na fedha zitoke wapi? Si kwa wafadhili wa ng'ambo peke yao, maana mradi wa mfadhili huwa na tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa. Zitoke kwa wanywaji maji. Tuseme, kwa mfano tu, kampuni ya maji ina wateja 10,000, na kila mmoja anaongeza shilingi 20 kwa mwezi katika ankara yake. Kwa mwaka hizo ni shilingi milioni 2.4. Zikigawanywa kwa wakulima 400 walio kando ya vijito vinavyolisha mto juu ya mahali maji yanapovutwa, kila mmoja atapata shilingi 6,000. Si utajiri, lakini kwa kipande cha mita mraba 120 ni zaidi ya kile ambacho sukumawiki ingeleta katika msimu mbaya. Mwenye mita mraba 600 astahili zaidi, na hapo ndipo wanunuzi wakubwa wanapohitajika. KenGen iliyoshiriki Tana ya Juu ndiyo hiyo yenye mitambo ya Sondu-Miriu, ya megawati 60, na maji ya kaskazini mwa Nyamira huishia katika mto Sondu. Serikali ya Kaunti ya Migori nayo ina wananchi wa Nyatike wanaofurikiwa na Kuja, na wengine wanaotegemea mto huohuo kunyunyizia mpunga. Viwanda vya majani chai vinavyonunua kuni za mabondeni visiachwe nje. Vikinunua kuni zilizopandwa kileleni tu na kukataa za ukingoni, vitakuwa vimefanya kazi kubwa kuliko amri ya waziri yeyote.

Kisii, Nyamira na Migori zimo pamoja katika jumuiya ya kiuchumi ya kaunti 14 za eneo la ziwa. Kwa hivyo meza ya mazungumzo ipo, na jumuiya za watumiaji maji zilizoundwa kutokana na sheria ya maji ya mwaka 2002 zipo pia, ingawa nyingi hazina fedha za kuitisha hata mkutano. Kisichokuwepo ni andiko la mkataba lenye kurasa mbili au tatu, kwa Kiswahili kinachoeleweka na mama wa Kiabonyoru, linalotaja upana wa ukanda, kiasi cha ujira, siku ya kulipwa, na hatua atakayochukua mkulima iwapo siku hiyo itapita bila malipo. Wanachama wa chama chetu wanaotoka sehemu hizo wanaweza kuliandika rasimu katika likizo ijayo, wakalisoma mbele ya wakulima wa kijito kimoja tu, na kurudi na yale ambayo wakulima wameyakataa.